Jina la Kukhu Limefika Kakuyuni

Kakuyuni, Malindi

Mayi wangu,

Mulembe, na shikamoo juu yake. Najua huko kwetu mtu akikutolea shikamoo unageuka nyuma kutazama anaamkiwa nani, lakini mimi siku hizi nisipoitoa najiona nimeingia nyumba ya mtu na matope miguuni. Ipokee tu. Goti la kushoto linasemaje? Na kile kifua cha asubuhi? Wafula aliniambia mvua imechelewa, kisha akaniambia imezidi hata maharagwe yameozea shambani, sasa sijui nikupe pole ya jua au ya maji. Chukua zote mbili. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na meno yangu yote yapo.

Najua anayekusomea ni Namalwa, binti ya Wafula. Namalwa mwanangu, msomee kukhu, huyu bibi yako, polepole, na usiruke kitu hata ukiona haya. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kibukusu cha kuandika sikufundishwa, na kile cha kuzungumza nimeanza kukitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro. Simu tumeijaribu, mama. Wewe unauliza, "Umesema nini?", mimi napaza sauti, majirani wa kwako na wa kwangu wanasikia wote isipokuwa wewe. Na jambo nililo nalo safari hii halifai kupigiwa kelele.

Nianze na ile video. Wafula alinipigia akaniambia imefika mpaka huko, sijui kwa simu ya nani, na kwamba uliitazama yote, kisha ukauliza, "Huyo bado ni wetu?" Ndiyo mama, yule mwanamke aliyevaa hando ni mimi. Hando ni ile sketi fupi nene, yenye marinda mengi kiunoni, wanayovaa kina mama wa Kigiriama. Alikuwa amefariki mama mkwe wa Dama, huyu rafiki yangu ninayeishi kwake, na huku mzee aliyekula chumvi nyingi husindikizwa kwa ngoma, wanaiita mwanzele. Hakuna aliyenilazimisha. Dama alinifunga hando kwa mikono yake, akakaza kamba mpaka nikaguna, akaniambia, "Haya toka, wakuone." Nikatoka. Nilicheza na nilifurahi, na nililia pia, kwa sababu bibi yule kila akichuma mchunga, zile mboga chungu nilizokueleza, alikuwa haachi kuniwekea fungu langu.

Sasa unauliza kama bado ni wenu. Ningekuwa najua la kujibu ningekupigia simu nikasema ndiyo au la, na tungebaki kubishana kuhusu network.

Dama unamjua kwa jina tu. Tulikuwa dobi sote wawili kwenye hoteli moja mjini Malindi, tukifua mashuka ya wageni. Hoteli ilipofungwa nilikosa pa kulala, maana kile chumba cha Shella kilikuwa cha wafanyakazi. Akaniambia, "Twende kwetu Kakuyuni wiki moja, ujipange." Wiki hiyo haijaisha. Karisa, mwanawe wa kwanza, alikuwa akinifika kiunoni. Leo ana mke na watoto. Nimelima nao mahindi na mihogo, na siku zisizo za shamba mimi na Dama tunakaa bandani kushona makuti ya kuezekea, magari huja kuyachukua yakaenda Watamu. Vidole vyangu vimekuwa vigumu, ungevishika ungedhani ni vya papa mumeo.

Huku mwanamke mtu mzima haitwi jina lake ovyo. Huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na Dama ni Mekarisa, yaani mama wa Karisa. Mimi nisiye na mtoto nilikuwa "yule Mluhya" tu, mpaka siku moja kisimani Dama akawaka mbele ya watu: "Mluhya ndo jina gani? Karisa ana mama wawili. Na huyu naye ni Mekarisa, nsisikie tena." Tangu hapo jina hilo likiitwa tunaitika wawili, na watu wamekwisha kuzoea. Sikukuambia haya kwa simu. Niliogopa ungeniuliza kwani Nekesa, jina langu, lina ubaya gani.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Malindi nikasikia mtu anaongea Kibukusu. Alikuwa dereva wa lori la vitunguu, mnene, ana kicheko cha watu wa kwetu Kimilili kabisa. Nikamsogelea, akaniona namtazama, akanisalimu, "Mulembe, mayi." Nikafungua mdomo kumjibu, kikatoka Kigiriama. Nilijisikia mwenyewe nikasema nini hiki. Yule bwana akanitazama na leso zangu mbili, akasema kwa Kiswahili, "Pole mama, nilidhani wewe ni wa kwetu." Nikamwambia mimi ni wa kwenu. Akacheka sana. Alidhani namtania ili anipunguzie bei.

Basi ungefikiri huku ndiko nimekwisha kufika. Wapi! Katana, shemeji yake Dama, ndiye mkubwa wa boma hili, na ni mtu mwema, lakini akianza habari za mashamba lazima afike pale pale: "Hawa watu wa bara watatumaliza." Kisha macho yake yananiangukia mimi na sahani yangu, anasema, "Si wewe, Mekarisa. Wewe ni wetu." Na wote wanaitikia kwamba mimi ni wao. Nami naendelea kula wari, ndio ugali wa huku, huku nikijiuliza hao watu wa bara wanaosemwa ni akina nani kama si wewe mama, na Wafula, na mimi. Sijawahi kujua kama hapo nashukuru au nanyanyuka niondoke. Mpaka sasa nimekuwa nikishukuru.

Haya, jambo lenyewe sasa. Namalwa, mwambie kukhu akae vizuri.

Kadzo, mke wa Karisa, amejifungua mtoto wa pili wa kike, wakati wa kuvuna mahindi. Katika nyumba hii msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na wa pili huchukua jina la dada wa huyo mama. Wa kwanza anaitwa Dama tayari, ni mtundu, anakimbiza kuku mchana kutwa. Lakini Dama mkubwa hana dada, alizaliwa kati ya wanaume watupu. Siku ya kumtoa mtoto nje, watu wamekaa, Katana akauliza, "Haya, huyu ni nani?" Dama akajibu bila hata kumeza mate, "Ni Nekesa. Kwani mie nna dada mwingine?"

Watu wakapiga vigelegele, mimi nikaingiwa na baridi. Wewe unajua kwa nini. Kwetu jina humfuata mtoto baada ya mwenyewe kufukiwa. Hapa mimi niko hai, nimeshika sufuria ya chai, na kuna mtu mwingine anaitwa mimi. Nikajiuliza, Nekesa, umekufa lini? Nilicheka na wenzangu kama kawaida, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikajishikashika mikono kuhakikisha. Lakini na hili pia ni kweli mama: nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Sikuwahi kufikiri kuna mtoto duniani atakayebeba kitu changu.

Halafu mtoto akaanza kulia. Kilio chenyewe hakikuwa cha njaa, kwa sababu ziwa alikuwa analisukuma. Alilia asubuhi, akalia mchana, akalala kidogo kwa kuchoka, akaamka kuendelea pale alipoachia. Tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima, akamminyaminya tumbo, akasema mtoto ni mzima, ni gesi tu, mama yake aache maharagwe kwanza. Kadzo akaacha maharagwe, akaacha kabichi, akaacha hata maembe mabichi anayoyapenda, na mtoto hakuacha chochote. Kadzo alikonda macho yakaingia ndani.

Mama yake Kadzo akaja kutoka Matsangoni. Alimshika mtoto, akamsikiliza, akasema mbele yangu, "Hilo jina la bara ndo lamuwasha. Nyinyi mwatafuta nini na majina ya watu?" Dama hakumsemesha tena siku hiyo, hata chai alimsukumia kwa mkono. Nikamwambia Dama, libadilisheni, sitaumia. Nilikuwa nasema uongo. Dama akanijibu, "Nkibadilisha ni kama nimekukana. Sibadilishi." Kadzo yeye alikuwa anatutazama tu, na mimi niliona wazi kwamba mtoto anateseka ili Dama asinikane.

Sasa sikiliza, mama. Alasiri moja Dama na Kadzo walikwenda kufua, mimi nikabaki bandani na makuti yangu, mtoto amelazwa kwenye leso. Akaanza. Nikambeba, nikazunguka naye, nikamwimbia bembelezi zote za Kigiriama ninazozijua, nikaongeza na nyimbo za kanisani. Wapi. Ndipo nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Nilimlaza kifuani kama ulivyokuwa ukiwalaza watoto wa Wafula walipokataa kunyamaza, nikaanza kumwitia marehemu wetu, mmoja mmoja, kutafuta jina ambalo mtoto atalinyamazia. Kwa Kibukusu. Kile kile kilichonitoroka mbele ya dereva wa vitunguu kilikuja chote, mpaka yale maneno ya zamani ambayo hata maana yake sijui vizuri, unayoyasema wewe ukiwa umefumba macho.

Nikamwita kukhu Namalwa, mama yake papa, ambaye jina lake analo huyu anayekusomea. Mtoto akalia. Nikamwita senge Nabwile, shangazi yetu. Akazidi. Nikamwita Naliaka wa ng'ambo ya mto. Akajipinda mgongo karibu aniponyoke. Likabaki lile moja ambalo wewe unajua kwa nini nilikuwa naliruka. Nikalisema kwa sauti ndogo: Nanjala.

Akanyamaza.

Sauti ilikatika katikati, mama. Nilidhani amezimia, nikamgeuza haraka. Alikuwa mzima, anapumua, ananitazama, kisha akaanza kutafuta ziwa kwenye kifua changu hiki kikavu. Nilikaa chini kwenye makuti na mtoto wa watu mapajani.

Namalwa, wewe hujui, kwa hiyo nikueleze na ukimsomea kukhu usisite. Nanjala ni mama yake kukhu wako. Ndiye aliyenilea mimi mpaka nikamaliza shule, na mkono wake ndio ulionifundisha kupepeta mtama. Kila baba yako alipopata mtoto, kukhu wako alimshika akamwita mama yake, na kila mtoto alikataa, akazidi kulia. Wewe ulimchukua Namalwa, mdogo wako akamchukua senge. Nakumbuka, mama, ulichosema: "Hataki mlango huu. Anamngoja Nekesa azae." Ulisema ukicheka, nami nikacheka. Miaka ikapita sikuzaa, ukaacha kusema. Lakini kila nilipokuja nyumbani nilikuona ukinitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Sikulaumu hata kidogo. Nakwambia tu kwamba nilikuwa naona, na iliniuma.

Nimejaribu kujitoa kwenye jambo hili kwa akili. Labda mtoto alikuwa amechoka tu. Labda ni mbuzi wa jirani aliyelia akamshtua. Labda ni Kibukusu chenyewe, alisikia sauti ngeni akatega sikio. Nilitaka kukaa kimya nisimwambie mtu, ila mimi na Dama hatuna cha kufichana, alipoweka beseni chini tu akaniuliza, "Una nini wee, mbona uso umekubadilika?" Nikamweleza. Mtoto alipoanza tena akaniambia, "Hebu mwite." Yeye kwanza akamwita Nekesa, mara tatu, mtoto akapiga yowe. Mimi nikamwita Nanjala. Kimya. Dama akajipiga paja: "Mulungu wangu! Kumbe twamwita jina si lake, ndo maana yuwalia!" Nikamuuliza kama haoni vibaya kwamba sasa si Nekesa tena. Akanishangaa. "Nyanyako na wewe si kitu kimoja? Mie nlitaka mtu wa kwenu, nimempata mkubwa zaidi." Kadzo siku hiyo alilala mpaka jua la jioni, na hakuna aliyemwamsha.

Lakini jina huku halikai bila Katana. Alipoelezwa alikuna ndevu, akaniuliza, "Huyo bibi yenu, yuwanywa nini?" Nikaomba anifafanulie. Akasema mtoto akibeba jina la marehemu, yule marehemu, wao humwita koma, huwa amekwisha kuingia bomani, na siku zake lazima amwagiwe kidogo, tembo la mnazi kwa kawaida. Nikamwambia kukhu Nanjala alikuwa ameokoka, pombe hakuionja hata ile ya harusi. "Basi yuwanywa nini?" Chai, nikamwambia. "Ya rangi?" Ya maziwa, maziwa mengi, na sukari ya kusimamisha kijiko. Katana akamgeukia Karisa: "Koma wa chai! Mwasikia makubwa haya? Na maziwa ya siku hizi!" Tukacheka wote mpaka mtoto akashtuka. Hata wewe naomba ucheke kidogo hapo.

Baada ya kicheko akawa mkali, na neno lake nililiona la haki. Alisema, "Mekarisa, mie simkatai. Lakini huyo bibi ana wenyewe. Hatuwezi kumchukua mtu wa watu kimyakimya, kesho aje aseme aliibwa. Mwandikie mamako. Akisema ndiyo, ni Nanjala. Akisema la, twatafuta jingine. Mpaka hapo nsisikie mtu yuwamwita jina lolote." Ndiyo sababu ya barua hii. Mtoto sasa anaitwa Kadogo tu, na kilio kimerudi, si kikali kama mwanzo ila kipo, na mimi nimekatazwa kulitaja lile jina na nimetii.

Mama, sijui nikuombe nini. Nikikuomba ukubali, namchukua mama yako, uliyemngoja miaka yote hiyo, namweka kwenye boma la Wagiriama ambako atamwagiwa chai kwenye mchanga na watu ambao hawajawahi kukuona. Na watoto watakaozaliwa kwa Wafula, je? Utawaitia nani? Nikikuomba ukatae, nitarudi kwa Kadzo kumwambia kwamba kile kilichomtuliza mwanawe kina wenyewe na wenyewe hawataki kutoa. Ningekuwa na mtoto wangu nisingefika hapa. Mara naona nimekuibia. Mara naona kwamba hatimaye nimekuzalia. Mawazo yote mawili yananijia wakati mmoja, asubuhi nikiwa nasonga wari, na siwezi kulifukuza lolote.

Na lile swali lako, kama bado ni wenu. Mimi nilikuwa nimekwisha kujijibu moyoni kwamba labda si wenu tena, nikasikitika kidogo, nikaendelea kushona makuti. Kumbe mtoto akilia sana natoka mimi wa Kimilili, mzimamzima, na wala sikumwita. Lakini huyo aliyetoka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuwapa Wagiriama jina la mama yako. Sasa niambie huyo ni mtu wa wapi. Mimi nimejaribu kufikiri mpaka kichwa kimeniuma, Dama akanifunga kitambaa.

Zungumza na khocha kwanza, ndugu yako, kwa kuwa jina ni la ukoo wenu na yeye hupenda kuulizwa mambo mapema. Usimwachie Wafula aeleze, atalichanganya na habari za siasa. Ukiamua, mwambie Namalwa aandike jibu, hata likiwa la mstari mmoja. Usinionee huruma ukasema ndiyo kwa ajili yangu. Halafu, ukisema la, usiseme kwa sababu ya ile video.

Nisalimie Wafula, mwambie kaka yangu bado simu yangu inapokea hata siku ambazo hana tatizo. Nisalimie mkewe anayekukanda goti, mwambie ninamshukuru na ninajua kwamba kazi hiyo ilikuwa yangu. Msalimie senge aliyebaki, yule anayegombana na kila jogoo, na khocha na wakeze, na yule mama wa kwaya aliyenifundisha sauti ya pili. Namalwa, wewe jisalimie mwenyewe, na usome kwa bidii. Dama anakusalimu sana, anasema umtumie mbegu za murere, anataka aone kama ni ule ule mlenda wao au tunajisifu bure. Kadzo na Karisa wanakusalimu. Katana anasema shikamoo, na kwamba anangoja.

Nilikuwa nimefika hapa, nimebakiza kuandika jina langu tu, Kadzo akasimama mlangoni na mtoto. Analia kile kilio cha mwanzo, uso umeiva, ngumi amezikaza. Kadzo hajaniomba kitu tangu aolewe bomani hapa. Amesema, "Mama, mwite." Nikamwambia tumekubaliana tungoje jibu kutoka kwetu. Akasema, "Kwenu ni mbali. Yeye yuwalia hapa."

Mama, nimemwita. Sasa naandika kwa mkono mmoja, amelala kwenye ule mwingine, na Kadzo amekaa kizingitini anafuta uso kwa leso. Usipokubali nitamwambia Katana kosa ni langu peke yangu. Sijui kama huyu niliyembeba ni mtoto wa Kadzo au ni mama yako. Najua tu kwamba nimejaribu kumweka chini na nimeshindwa.

Ni mimi binti yako,

Nekesa